Krismasi Haiishi Tarehe 25

Kila ikifika tarehe 26 Desemba nasikia maneno yaleyale: "Krismasi imekwisha, tusubiri ya mwakani." Wanaosema hivyo ni watu wa kusali, tena wengi wao ndio waliolalamika mwezi mzima kwamba biashara imeiteka Noeli. Ndugu zangu, tarehe 26 Noeli ndiyo kwanza imeanza! Tukiivunja sisi wenyewe asubuhi hiyo, biashara tunailaumu kwa lipi?

Mpangilio wa Kanisa Katoliki kwa haraka. Majilio, yaani majira ya kuingoja Noeli, huanza Dominika iliyo karibu zaidi na 30 Novemba, kwa hiyo hudumu siku 22 hadi 28. Rangi ya mavazi ya Misa ni zambarau, Dominika ya tatu waridi, na "Utukufu kwa Mungu juu" hauimbwi ila kwenye sherehe na sikukuu, kama ile ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, 8 Desemba. Hadi tarehe 16 Liturujia inamtazama zaidi Bwana atakayekuja mara ya pili. Kuanzia 17 ndipo inageukia Bethlehemu. Noeli yenyewe huanza jioni ya tarehe 24 na kuendelea hadi Ubatizo wa Bwana, mwezi Januari. Siku nane za mwanzo ni Oktava, na Utukufu huimbwa kila siku.

Oktava ndiyo inayotupwa, na ndiyo yenye uzito. Tarehe 26 Stefano, shahidi wa kwanza, anapigwa mawe. Tarehe 27 ni Yohane Mtume, na Injili yake ni ya kaburi tupu. Tarehe 28 ni watoto waliouawa na Herode. Wapo wanaodhani hizi ni kumbukumbu zilizojipachika tu hapo, zinazoharibu furaha. Hebu zisome zikiwa zimefuatana. Misa ya usiku, Luka anasimulia Maria akimvika mwanawe nguo za kitoto na kumlaza horini. Siku chache baadaye, tarehe 27, yule mwanafunzi anainama mlangoni pa kaburi na kuona vitambaa vya sanda vimelala. Mwili ni uleule: umefungwa vitambaa Bethlehemu, umefungwa tena Yerusalemu, na mara ya pili vitambaa vimebaki peke yake. Anayefunga kitabu tarehe 25 anabaki na mtoto mzuri kwenye majani makavu, bila kuambiwa mtoto huyo alikuja kufanya nini.

Ndiyo maana pia kwenye Nasadiki (Kanuni ya Imani) ya Misa ya Noeli tunapiga magoti tukifika "akapata mwili", wakati Dominika nyingine tunainama tu. Kiongozi wa kwaya akikimbiza ubeti huo, waamini wanapiga magoti neno likiwa limeshapita. Simamisheni wimbo kidogo hapo.

Nyumbani, anza na pango, zile sanamu za kuzaliwa kwa Yesu. Kosa la kawaida ni kulipanga lote siku moja, Mtoto akiwa tayari horini wiki tatu kabla. Hapo umekwisha kuua kungoja. Weka hori tupu. Ng'ombe na punda wanaweza kuwepo, ingawa Luka hawataji. Wametoka Isaya 1:3, na Fransisko wa Assisi aliwaleta wakiwa hai huko Greccio, Italia, mwaka 1223. Mtoto awekwe baada ya Misa ya usiku, Luka 2:1-14 ikisomwa kwa sauti. Mamajusi waanzie mbali, hata chumba kingine, wakisogezwa kidogo kila siku hadi Epifania, sikukuu ya kufika kwao kwa Mtoto. Ukilikunja pango tarehe 26, hawa hawafiki kamwe.

Shada la Majilio, duara la matawi lenye mishumaa minne, mmoja kwa kila Dominika, hushindwa kwa jambo dogo sana: nta. Mshumaa wa kwanza huwashwa wiki zote nne, wa nne huenda ukawashwa siku moja tu, kama ilivyokuwa 2023, Dominika ya nne ilipoangukia tarehe 24. Ukiwasha dakika 15 kila jioni kwa siku 28, mshumaa wa kwanza unahitaji kudumu saa 7. Mwembamba utakwisha kabla. Nunua minene, au punguza ziwe dakika 10, zinatosha somo moja na sala. Matawi mabichi yakikauka yabadilishe mara moja. Karibu na moto ni hatari.

Kuna jambo moja linanisumbua. Vitabu vyetu vinataka nyimbo za Noeli zingoje hadi tarehe 24, nami nakubaliana navyo. Lakini wapo wanaofika kanisani mara moja tu kwa mwaka, kwenye tamasha la kwaya katikati ya Desemba, na pengine wimbo huo wa mapema ndiyo Injili pekee watakayoisikia. Kuinyamazisha kwaya hiyo kwa ajili ya kalenda, sina amani nako. Ninachoshikilia ni kwamba kwaya iliyoimba kabla ya siku isinyamaze siku ilipofika: tarehe 29 na 30 Desemba ziimbwe nyimbo zilezile, kwa nguvu ileile.

Na ukikutana na mtu tarehe 2 Januari, mwambie "Noeli njema". Akikuambia umechelewa, mwonyeshe Mamajusi wako: bado wako njiani.