Frankenstein siyo jina la zimwi

Jamani, kwenye Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley ya 1818, Frankenstein siyo lile zimwi kama wengi wanavyodhani. Frankenstein ni Victor, mwanafunzi wa chuo kule Ingolstadt, Ujerumani, yeye ndo aliyeliunda, na zimwi lenyewe halipewi jina mpaka kitabu kinaisha. Halafu lile zimwi bubu la kwenye muvi lisahauni kabisa, maana kwenye riwaya linaongea vizuri kushinda watu wengi, lilijifunza lugha kwa kuchungulia familia maskini kwenye ufa wa ukuta, likasoma hadi waandishi wakubwa kama Milton na Goethe!

Wengi pia wanadhani riwaya hii ni gothiki tupu, yaani hadithi ya kutisha ya usiku, makaburi, maiti. Ipo kweli, Victor anaokota mifupa huko huko. Ila kuna uromantiki mwingi sana, na siyo mambo ya wachumba, ni hisia kali, upweke, na ukuu wa maumbile, ndo maana muumba na kiumbe wake wanakutana kwenye barafu za milima ya Alps karibu na mlima Mont Blanc, na zimwi linamwambia lilikuwa jema, mateso ndo yameligeuza. Mi hapo huwa naumia kabisa.