Mizani ya Gatha: sauti ya kuhani ilivyobaki katika herufi

Nikitaja ibada za kale za Wazoroastro, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, swali la kwanza huwa ni la ala: walipiga zumari au ngoma? Katika Yasna, ibada yao kuu yenye sura 72, kazi yote imebebwa na sauti ya kuhani. Kinacholia pembeni yake ni kinu cha kutwangia mmea wa haoma, mchi ukigonga kuta zake.

Kiini cha Yasna ni Gatha, tungo 17 ambazo mapokeo yanasema ni za nabii wao Zarathustra mwenyewe. Mpenzi wa mashairi yetu hatapotea humo. Gatha ya kwanza, Ahunavaiti, ina beti za mishororo mitatu yenye mizani 16 kila mmoja, ila mkato haugawi nane kwa nane: ukwapi una mizani 7, utao 9. Katika Gatha ya Ushtavaiti mishororo ni mitano, mizani 4 kwa 7. Vina hakuna.

Sasa chukua maandishi uhesabu mizani hizo. Hazitimii! Hapo ndipo penye utamu, walau kwa sisi wagonjwa wa Avesta, maandiko matakatifu ya Wazoroastro. Gatha zilirithishwa kwa mdomo karne na karne. Alfabeti ya Avesta ilibuniwa baadaye, zama za Wasasani, wafalme wa Uajemi kabla ya Uislamu, na waandishi wakanakili walichosikia makuhani wakighani polepole. Ndiyo maana humo kila irabu ya mwisho wa neno ni ndefu, na katikati ya konsonanti zimepenya irabu fupi ambazo mtunzi hakuzihesabu. Ziondoe, kisha baadhi ya irabu ndefu uzisome kama silabi mbili, mizani inarudi.

Wageni nao waliisikia sauti hiyo. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 KK, anasema Waajemi hawakutoa sadaka bila majusi, yaani kuhani wao, kuwapo akighani. Strabo, mwanajiografia Mgiriki, anawaeleza mamajusi wa Kapadokia, katika Uturuki ya leo: wakighani karibu saa nzima kila siku mbele ya moto, fito mkononi, kofia zao zikishuka hadi kufunika midomo.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni karatasi kutoka Dunhuang, China, iliyoko leo British Library. Imeandikwa kwa hati ya Kisogdi, lugha ya kale ya Asia ya Kati, na ndani yake mna Ashem Vohu, dua fupi ya maneno 12, kwa matamshi ya kale kuliko yaliyomo katika hati zote za Avesta tulizo nazo.