Kabla ya Kuvunja Ungo: Maswali ya Mzazi na Wanafunzi wa Tanga

Maswali ya wanafunzi yametoka kwenye sanduku la maswali la shule ya sekondari hapa Tanga mjini. La kwanza ni la mzazi.

Kuwafundisha watoto mambo haya ya balehe na ngono shuleni, si kuwafumbua macho mapema?

Macho yameshafumbuka, mzazi mwenzangu, simu wanazo. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilipopitia tafiti za nchi mbalimbali haikuona kwamba somo hili linawaharakisha vijana kuanza ngono. Wala kwetu pwani si jambo geni: somo na kungwi, wale wanawake wafundaji, wamemfunda mwari tangu enzi. Ugomvi wangu na utaratibu ule ni wakati tu. Msichana hufundwa akishavunja ungo, na damu ya kwanza imeshamkuta darasani, amegandia kitini hataki kunyanyuka. Kaka yake ndiyo kabisa: wengi siku hizi hutahiriwa hospitalini wakiwa wadogo, mafunzo ya jandoni hawayasikii.

Hedhi yangu mara inakuja baada ya siku 25, mara 40. Naumwa? Na siku salama nizihesabuje?

Huumwi. Miaka ya mwanzo, mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida. Ukipitisha miezi 3 bila kuona siku zako, au pedi ikijaa kila baada ya saa moja, nenda kliniki.

Siku salama kwa mzunguko kama wako hazihesabiki. Najua ile karatasi inayozunguka mabwenini, eti siku ya 14 ndiyo ya hatari kwa kila mtu. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, si baada ya iliyopita. Mwezi wa siku 25 hiyo ni kama siku ya 11. Mwezi wa siku 40, kama siku ya 26. Utajuaje mwezi huu ni upi? Na mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku 5 zikilingoja yai.

Kama unatumia vitambaa vya kanga, fua kwa sabuni uanike juani. Vikifichwa uvunguni kwa aibu havikauki vizuri.

Ndoto nyevu zinamaliza nguvu za kiume?

Hapana. Fua shuka, nenda shule.

Chanjo ya HPV inafunga kizazi?

Haifungi. Inakinga dhidi ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Nchini ilianza kutolewa kitaifa 2018. Mwaka 2024 ilibadilishwa kuwa dozi moja, ikatolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Rafiki yangu amebakwa na mtu anayemfahamu. Tufanye nini?

Hospitali leo hii, Bombo au kituo cha karibu, kabla ya kikao chochote cha ukoo. Dawa ya kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Ya kuzuia mimba, ndani ya siku 5. Asioge kwanza, na nguo alizovaa zisifuliwe. Akiogopa kusema nyumbani, pigeni 116, simu ya huduma kwa mtoto, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Wazee wakisema yamalizwe kifamilia, dawa isingoje wamalize.