Utekaji wa kivinjari si virusi

"Laptopu imeingia virusi, nikitafuta kitu Google inanipeleka kwingine." Maneno haya nimeyazoea kwa watu wa kawaida na siwalaumu. Wiki iliyopita nimeyasikia kwa fundi, akimweleza mama mmoja kwamba dawa yake ni kupiga Windows upya, yaani kuifuta na kuisakinisha tena. Nimeona niandike.

Utekaji wa kivinjari ni pale kiendelezi, yaani kile kiprogramu kinachopachikwa kwenye kivinjari kama Chrome, Edge au Firefox, kinapokubadilishia mtambo wa kutafuta au ukurasa wa mwanzo bila wewe kuelewa ulikubali nini. Unaandika swali, linapitishwa kwenye tovuti usiyoijua, halafu unaletewa majibu yaliyojaa matangazo. Ukibofya tangazo, mwenye kiendelezi anapata fungu lake. Mara nyingi huingia pamoja na kitu ulichokitaka kweli, kama cha kugeuza PDF kuwa Word.

Sasa neno virusi. Kwa Kilatini lilikuwa na maana ya sumu. Wanabiolojia wakalichukua, kisha mwaka 1983 likaingia kwenye kompyuta: Fred Cohen, mwanafunzi wa University of Southern California, aliandika programu ya majaribio inayojipenyeza ndani ya programu nyingine, na mwalimu wake Leonard Adleman ndiye aliyependekeza iitwe virusi. Sharti la jina hilo ni kwamba kitu kijinakili na kuambukiza programu nyingine. Kiendelezi hakiambukizi chochote. Kimekaa kwenye orodha, kina jina lake, na pembeni kuna kitufe cha kukiondoa.

Neno kuteka linafaa zaidi, tena sisi tunalo lililokamilika: kuteka nyara. Nyara ni mali iliyochukuliwa kwa nguvu. Ndiyo maana hata sheria zetu za wanyamapori Tanzania huita meno ya tembo na ngozi za chui "nyara za Serikali", ingawa hapo maana imesogea kidogo. Kuvinjari nako ni kuzungukazunguka, kama manowari inavyovinjari pwani. Chombo kinachovinjari kikitekwa hakizami, wala tanga halichaniki. Kinabadilishiwa bandari tu. Na nyara inayochukuliwa hapa si mafaili yako, ni maswali yako, kwa sababu kila swali lina mtangazaji aliye tayari kulilipia.

Kwa nini ning'ang'anie tofauti hii? Kwa sababu jina ndilo linalochagua dawa. Ukisema virusi, unaweka antivirusi, inachunguza saa nzima na kukuambia mashine ni safi, nawe unaamini. Baadhi ya kampuni za antivirusi huziweka programu za namna hii kwenye kundi la pembeni, "huenda huzihitaji", na uangalifu huo una sababu: wenye programu wamewahi kwenda mahakamani. Zango, kampuni ya programu za matangazo ya Marekani, iliishtaki Kaspersky, kampuni ya antivirusi, kwa kuzizuia programu zake, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikaipa Kaspersky ushindi. Kwa hiyo kimya cha antivirusi hakimaanishi kiendelezi ni kizuri.

Au unapiga Windows upya, kama yule mama. Akalipa, akarudi nyumbani, akafungua Chrome na kuingia kwenye akaunti yake. Usawazishaji (sync), yaani ule mpango wa akaunti kuhifadhi vitu vya kivinjari na kuvirudisha, ulikuwa umewashwa. Alamisho (bookmarks) zikarudi, nywila zikarudi, na kiendelezi kikarudi pamoja nazo. Siku ya tatu yuko dukani tena, na safari hii anaambiwa ni virusi sugu. Inaniuma, kwa sababu kilichotakiwa ni kufungua ukurasa wa viendelezi, kukiondoa, kisha kwenda kwenye mipangilio kuhakikisha mtambo wa kutafuta ni ule anaoutaka. Dakika mbili. Kikiondolewa hapo huku usawazishaji umewashwa, kinaondoka na kwenye akaunti pia.

Kuna kesi ngumu kidogo: kitufe cha kuondoa hakibonyezeki, na Chrome inadai inasimamiwa na shirika lako wakati kompyuta ni yako ya nyumbani. Hapo kuna programu iliyosakinishwa kwenye Windows yenyewe na kuweka sera (policy), yaani amri ya msimamizi, inayokilinda kiendelezi. Iondoe hiyo kwanza, pamoja na sera yake.

Wala sisemi kwamba kwa kuwa si virusi basi ni jambo dogo. Angalia ruhusa zake. Vingi huomba kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote unazotembelea, na hizo ni pamoja na barua pepe na benki. Ukikuta umekipa ruhusa hiyo, ukishakiondoa badilisha na nywila.

Basi siku maswali yako yakianza kutua pasipo pako, usimwambie fundi kompyuta ina virusi. Mwambie, "Kivinjari changu kimetekwa, naomba tuangalie viendelezi kwanza." Naye akisema virusi, mwombe kwa upole afungue ile orodha mbele yako kabla hajagusa Windows.