Neno la kwenye boksi na kazi iliyofanyika: dhana potofu kuhusu spea zilizokarabatiwa

Dhana: "rebuilt", "reconditioned" na "remanufactured" ni kitu kimoja

Maneno haya ya Kiingereza huandikwa kwenye boksi la spea iliyokarabatiwa. Si kitu kimoja, tena neno lenyewe hubadilika maana likivuka mpaka. Injini ambayo Mwingereza huiita reconditioned, Mmarekani kwa kawaida huiita rebuilt. Huko Sri Lanka na Bangladesh, gari la mtumba kutoka Japani huitwa reconditioned hata kama injini yake haijawahi kufunguliwa.

Kiwango cha Uingereza BS 8887-2 cha 2009 kinayatenganisha. Remanufactured ni kifaa kilichorudishwa angalau kwenye utendaji wake wa awali, kikapewa waranti isiyopungua ya kifaa kipya. Reconditioned kinatakiwa kufanya kazi kwa kuridhisha tu. Marekani, miongozo ya FTC (tume ya serikali inayolinda wanunuzi) inataka kinachoitwa rebuilt kiwe kimefunguliwa kadiri inavyohitajika, kikasafishwa hadi kutu ikaisha, na sehemu zilizolika sana zikarekebishwa au kubadilishwa. Hata hivyo, kipuri kilichotumika ambacho bado ni kizima kinaruhusiwa kurudishwa ndani, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitarajii.

Dhana: ringi mpya zikiwekwa, injini imefanyiwa ovahoo (ukarabati kamili)

Silinda, tundu ambamo pistoni hupanda na kushuka, hulika zaidi juu, pale ringi ya kwanza (pete inayozunguka pistoni) inapogeukia, na mviringo wake huharibika. Ringi mpya haziondoi kasoro hiyo. Injini itaendelea kula oili. Silinda hupimwa juu, katikati na chini, kisha kipimo kinageuzwa nyuzi 90 na kurudiwa. Ikipita kikomo cha mtengenezaji, inachongwa na kuwekewa pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko za awali, mara nyingi kwa 0.50 mm. (Wanaosema ovasaizi inadhoofisha injini wanakosea, mradi mtengenezaji ameiruhusu.)

Kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) ikichongwa 0.25 mm, beringi zake lazima ziwe za kipimo hicho hicho. Ukifunga za standadi (kipimo cha awali), uwazi unakuwa mkubwa, presha ya oili inashuka na injini inaanza kugonga. Kwa hiyo omba karatasi ya vipimo. Rangi mpya kwenye bloku haisemi lolote.

Dhana: alternata iliyobadilishwa kaboni ni kama mpya

Alternata ndiyo inayochaji betri, na kaboni ni vipande vidogo vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka. Ikiwa ringi za shaba ambazo kaboni husugua zina mfereji, kaboni mpya zitaisha upesi. Beringi, regyuleta (inayodhibiti volti) na dayodi (zinazogeuza umeme uwe wa kuchaji betri) nazo zikaguliwe. Ipimwe ikiwa na mzigo, taa na feni zikiwashwa: kwenye mfumo wa volti 12, nyingi hutoa takriban volti 13.8 hadi 14.5. Bila mzigo, dayodi moja iliyokufa inaweza isionekane, ingawa ampea zimepungua.

Dhana: kifaa kibovu ni chuma chakavu

Ukinunua kilichokarabatiwa, wauzaji wengi hukata amana, wakairudisha ukipeleka kile kibovu ulichokitoa. Kipeleke kikiwa kamili, oili imemwagwa. Bloku iliyopasuka au alternata yenye kava lililovunjika inaweza kukataliwa, nawe ukapoteza amana.