Ukifika Mtera, soma mstari wa maji

Abiria wa basi la Dodoma kwenda Iringa hata akiwa na usingizi mzito huamka Mtera. Barabara inapita juu ya tuta lenyewe, upande mmoja ziwa, upande wa pili mto unaendelea na safari yake, na gari likisimama tu madirishani yanafika mabeseni ya perege na kambale wa kukaanga. Watu hununua, hutupa jicho majini, na lazima atokee wa kusema, "Bwawa mwaka huu limejaa." Mimi ni mtaalamu wa haidrolojia, kazi yangu ni kufuatilia maji yanakotoka na yanakokwenda, na siku zote natamani kumuuliza mtu huyo amejuaje.

Kwa sababu kujua inawezekana, na huhitaji kifaa chochote. Tazama mawe ya ukingoni na miti iliyokufa ikiwa bado imesimama, ile ambayo minandi hupenda kutua. Utaona mstari. Juu yake rangi ya kawaida, chini yake weupe wa tope lililokauka. Hapo ndipo maji yalipofika msimu uliopita ulipokuwa mzuri. Bwawa la Mtera hujaa kwenye mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini kilichowekwa kwa ajili ya kufua umeme ni mita 690. Uhai wote wa ziwa lile kubwa umo ndani ya mita nane na nusu. Na kwa vile eneo ni tambarare, maji yakishuka kidogo tu ufukwe unakimbia mbali. Mvuvi aliyeacha mtumbwi karibu na kibanda chake hujikuta anatembea kwenye nyufa za tope kuufuata.

Wengi hudhani Mtera ilijengwa kwa ajili ya mitambo ya Mtera. Sivyo. Ilijengwa kuanzia miaka ya 1970 ili kuilisha Kidatu, iliyo chini yake kwenye mto huohuo, Ruaha Mkuu. Kidatu ina mitambo ya megawati 204, lakini bwawa lake linabeba takriban mita za ujazo milioni 125 tu. Mtera inabeba zaidi ya bilioni tatu. Moja ni ghala, nyingine ni kinu. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilikuja baadaye, mwaka 1988, na tangu hapo maji yaleyale yanafua umeme mara mbili kabla hayajafika Rufiji.

Ghala hilo lina mlaji mmoja ambaye halipi bili: jua. Katika ukanda mkavu kama ule, karibu mita mbili za maji hupaa kwa mwaka. Bwawa likijaa, uso wake unazidi kilomita za mraba 600. Zidisha, utapata zaidi ya mita za ujazo bilioni moja zinazopotea hewani, mara kadhaa ya maji yote ya bwawa la Kidatu. Ndiyo maana kina na umbo la bonde ni muhimu kuliko ukubwa wa ziwa machoni. Ziwa pana na lenye kina kifupi linapendeza kwenye picha, lakini kwa mhandisi ni mzigo.

Sasa nije kwenye ubishi wetu wa kila mgao wa umeme. Mwaka 2006 mgao ulikuwa mkali, na kidole kilielekezwa Usangu, bonde lililo juu ya mto huo: wafugaji, na wakulima wa mpunga wa Mbarali. Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakibaki wamesongamana kwenye madimbwi. Ni kweli pia kwamba mifereji mingi huko juu huachwa wazi kiangazi bila kitu cha maana shambani. Lakini hayo ni matatizo mawili, na tunayachanganya. Mtera haijazwi na vijito vya Oktoba. Inajazwa na mafuriko ya mvua za Desemba hadi Aprili, pamoja na maji ya Ruaha Mdogo na Kisigo. Mfereji unaofungwa Septemba unaokoa ardhioevu ya Ihefu na wanyama wa hifadhini, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuufunga. Ila ukitaka kujua kwa nini bwawa limefika Novemba likiwa tupu, uliza kwanza kiasi gani kilifunguliwa kwenda Kidatu baada ya msimu wa mvua, na nani aliamua. Swali hilo halina mkulima wa kumfukuza, labda ndiyo maana haliulizwi sana.

Kuna hesabu nyingine ya kushangaza. Ruaha Mkuu unachukua karibu nusu ya eneo lote la Bonde la Rufiji, lakini unachangia takriban asilimia 15 tu ya maji ya Mto Rufiji. Mto Kilombero, wenye eneo dogo zaidi, unaleta kama asilimia 62. Kwa miongo mingi tulitegemea ghala lililo kwenye mkono mkavu wa bonde. Bwawa la Julius Nyerere lipo chini ya makutano ya mito hiyo, kwa hiyo linapokea yote, pamoja na Mto Luwegu. Lilianza kujazwa Desemba 2022, lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Mtera inaingia humo mara kumi.

Kwa anayetaka kutembea, mimi ningemwelekeza Kidatu kabla ya kwingine. Si kwa ajili ya bwawa, maana utaona kidogo: maji yanaingia kwenye handaki la karibu kilomita kumi ndani ya mlima na mitambo iko chini ya ardhi. Lakini uko chini ya milima ya Udzungwa, na maporomoko ya Sanje, zaidi ya mita 170, yako karibu. Panda hadi Sanje uone msitu unavyoshika mvua na kuiachia polepole. Huko Udzungwa ndiko liliko pia korongo la Kihansi, ambako mitambo ya megawati 180 ilipunguza unyunyu wa maporomoko na chura mdogo asiyepatikana kwingine duniani akatoweka porini. Alilelewa kwenye bustani za wanyama Marekani na kurudishwa mwaka 2012, huku mabomba yakimnyunyizia maji badala ya maporomoko.

Nyumba ya Mungu, bwawa la Mto Pangani, nako kuzuri, hasa asubuhi mawingu yakiwa hayajaufunika Mlima Kilimanjaro. Mitambo yake ni megawati 8 tu. Kazi yake kubwa ni kupangia maji ya mitambo ya Hale na Pangani. Ukipita Morogoro kuelekea Iringa, Bwawa la Mindu utaliona kando ya barabara. Hilo ni maji ya kunywa ya mji, kwa hiyo ukiona shamba ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, jua sheria ya mazingira ya 2004 inavunjwa mbele ya macho yako, na tope la shamba hilo linaishia bwawani.

Mtera, nenda Mei uone maji, kisha rudi Novemba uone tope, mwari na korongo wakivua kwenye kina kifupi. Usiogelee, mamba na viboko wapo, na jioni usitembee ukingoni. Kamera ielekeze ziwani, siyo kwenye mitambo na malango, mpaka uwe umeomba ruhusa kwa walinzi. Na perege mnunue aliyekaangwa asubuhi hiyohiyo. Wa jana utamjua kwa mkia, unavunjika kama biskuti.