Kiwashio Kinang'aa, Gesi Haiji: Usikimbilie Kubadilisha Vali

Wiki iliyopita nililetewa oveni ya gesi iliyokwisha kubadilishwa vali mara mbili. Dalili ilikuwa ileile tangu mwanzo: ukiiwasha, kiwashio kinashika wekundu na kung'aa vizuri, unasubiri, unasubiri tena, moto hauji. Mafundi waliotangulia waliangalia kwa macho, wakaona kiwashio kinang'aa, wakasema kiwashio ni kizima, kwa hiyo mbovu ni vali. Vali ya pili ilikuwa mpya kabisa na haikuwa na kosa lolote.

Kilichokuwa kibovu ni kiwashio.

Kosa hili nimelikuta mara nyingi, na kila mara linaniuma, kwa sababu vali ni ghali na aliyelipia ni mtu aliyemwamini fundi. Ukielewa jinsi vitu hivi viwili vinavyotegemeana, hutalirudia.

Katika oveni za aina hii umeme hupita kwenye kiwashio, ukitoka hapo unaingia kwenye vali, ndipo unarudi. Ni njia moja tu, kimoja nyuma ya kingine. Ndani ya vali kuna ukanda uliotengenezwa kwa metali mbili zilizogandamana, na ukanda huo ukipata joto hupinda na kufungua mlango wa gesi. Kiwashio kikiwa baridi kina ukinzani mkubwa, hivyo mkondo unaopita ni mdogo. Kadiri kinavyopata moto, ukinzani unashuka na mkondo unapanda. Mkondo ukifika kiwango cha vali, ukanda unapinda, gesi inatoka na kukuta kiwashio chenye moto wa kutosha kuiwasha hapohapo. Kwa kiwashio bapa, kiwango hicho kwa kawaida ni amperi 3.2 hadi 3.6. Kwa kile cha mviringo ni amperi 2.5 hadi 3.0. Mara nyingi namba imeandikwa kwenye vali yenyewe, na hiyo ndiyo ya kufuata.

Kiwashio kikizeeka, ukinzani wake hauteremki tena kama zamani. Kitang'aa, na jicho la binadamu halina uwezo wa kutofautisha mng'ao wa amperi 2.7 na ule wa amperi 3.4. Vali inaujua mkondo, haiujui mng'ao. Mkondo haujafika, kwa hiyo haifunguki, na ni vyema isifunguke: ingefunguka, gesi ingejaa ndani ya oveni huku ikisubiri kiwashio dhaifu kiishike, na siku kikiishika ungesikia mlipuko. Ile vali iliyolaumiwa mara mbili ilikuwa inawalinda watu wa nyumba ile.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua mita ya kubana waya, ibane kwenye waya mmoja tu wa kiwashio, washa oveni, kisha tazama namba inavyopanda kwa dakika moja au moja na nusu. Ukibana waya zote mbili kwa pamoja utasoma sifuri, maana mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana. Oveni ile ilisimama kwenye 2.7 na haikusogea, ilhali vali ilidai 3.2. Nilipofunga kiwashio kipya namba ilipanda hadi 3.4, na kabla ya dakika kuisha moto ukashika. Ukikigusa kiwashio kipya, shika upande wa kauri ulioshikilia waya. Sehemu inayowaka ni dhaifu, huvunjika kama chaki, na mafuta ya vidole huiharibu.

Je, vali ikiwa mbovu kweli? Mkondo ukifika kiwango kilichoandikwa na bado haifunguki, na gesi ipo hadi kwenye mdomo wake wa kuingilia, hapo iondoe. Vilevile, ukiwa umechomoa umeme na kutoa waya zake, pima ukinzani wa koili yake, yaani waya unaoupasha ule ukanda joto. Unatakiwa uwe mdogo sana, wa omu chache tu. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, koili imekatika. Ila tafadhali usiijaribu kwa kuiunganisha moja kwa moja na umeme wa ukutani. Vali hii hufanya kazi kwa volti chache sana, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme humalizikia kwenye kiwashio. Ukiipa umeme wote itaungua mara moja, na utakuwa umejitengenezea ubovu uliokuwa unautafuta.

Majiko mengine hayana kiwashio cha kung'aa. Unabonyeza kitasa, cheche inaruka, moto unashika, ukiachia kitasa moto unazimika. Hapa mhusika wa kwanza ni themokapo, ile ncha ndogo ya metali inayosimama kando ya moto. Metali mbili tofauti zikiungwa na maungio yakapata joto, umeme huzaliwa. Thomas Seebeck aliligundua jambo hilo mwaka 1821. Ni umeme kidogo mno, milivolti ishirini na ushee, lakini unatosha kuipa nguvu sumaku iliyo ndani ya vali ishikilie mlango ukiwa wazi. Sumaku hiyo inaweza kushikilia, haiwezi kuvuta. Ndiyo maana ni lazima mkono wako uusukume mlango kwanza na kungoja sekunde kadhaa.

Themokapo hushindwa kwa mambo madogo: ncha imefunikwa na masizi au mafuta yaliyoungua, imesukumwa nje ya moto wakati wa kusafisha jiko, au nati yake kwenye vali imelegea. Ikaze kwa vidole, halafu robo mzunguko kwa spana, basi. Ukizidisha utaiponda ncha ya mguso. Bado inasumbua? Kama waya zinafika, badilishana themokapo ya kichomeo kinachogoma na ya kichomeo kizima. Ugonjwa ukihama pamoja na themokapo, umeshampata. Ukibaki palepale, sumaku ya vali ndiyo iliyochoka. Naupenda mtihani huu kwa kuwa hauhitaji mita, na hauongopi.

Kitasa kigumu ni habari nyingine. Ndani ya koki, ile vali inayozungushwa na kitasa, kuna koni ya shaba iliyosagwa ikae sawasawa na nyumba yake, na grisi iliyo kati yao hukauka kwa joto. Mafuta ya kupikia au ya kupuliza yatalainisha kwa siku chache, kisha yataungua na kuganda zaidi, tena yanaweza kuiosha grisi iliyokuwa ikizuia gesi isipenye. Funga gesi, toa koni, ifute, paka grisi maalumu ya koki za gesi kwa wembamba bila kuziba matundu. Fanya koki moja kwa wakati mmoja. Kila koni imesagwa kwa nyumba yake, na zikichanganyika zitavuja.

Vichomeo vyote vikiwa dhaifu kwa wakati mmoja, acha vali kabisa. Angalia regulata, mpira uliojikunja, koki kuu. Kikiwa kimoja tu, safisha tundu la jeti, kile kijidomo kinachotoa gesi kwenye kichomeo, lakini usilichokonoe kwa sindano ngumu. Tundu likipanuka gesi huzidi hewa, moto unakuwa wa njano na kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Limebaki moja ambalo sina mjadala nalo. Vali inayopitisha gesi ikiwa imefungwa haitengenezwi nyumbani, hubadilishwa. Utaijua kwa kuona povu la sabuni likivimba kwenye mdomo wa jeti wakati vitasa vyote vimefungwa na jiko ni baridi. Ukisikia harufu ya gesi kabla hujaanza kupima, usianze. Funga kwenye mtungi au koki kuu, fungua madirisha na milango, usiguse swichi yoyote, iwe ya kuwasha au ya kuzima, na utoe watu nje. Kumbuka pia kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni na kwenye mashimo, kwa hiyo pua yako ukiwa umesimama inaweza isikwambie chochote. Methani inayokuja kwa bomba hupanda juu. Mimi hupiga magoti na kunusa chini ya jiko kabla sijafungua sanduku la vifaa, kila mara, hata pale mwenye nyumba anaponihakikishia kuwa hakuna harufu.